Kubalehe: mwandae mtoto wako kabla mabadiliko hayajaanza

Msimu mmoja wa mvua alikuja zahanati mama mmoja na binti yake wa darasa la sita. Mama alisema binti hali vizuri, hataki kwenda shule, na kwa siku tatu amekuwa akijifungia chumbani. Nilipobaki na binti peke yetu alilia kwanza, kisha akaninong'oneza: "Nesi, nina ugonjwa wa bibi."

Bibi yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia kwa saratani ya mlango wa kizazi. Katika miezi yake ya mwisho alikuwa akitokwa na damu, na mjukuu ndiye aliyemsaidia kufua vitambaa. Binti alipoona damu kwenye nguo yake mwenyewe hakuwa na maelezo mengine. Kwa siku tatu aliamini kwamba anakufa, na hakusema kitu kwa sababu hakutaka kumwona mama yake akilia tena.

Binti yule hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa amevunja ungo.

Nilipomweleza mama, alikaa kimya kwa muda, kisha akasema maneno ambayo nimeyasikia kwa akina mama wengi hapa Masukulu: "Nilikuwa nasubiri aanze, ndipo nimwambie."

Mama, mlezi, bibi unayelea wajukuu, makala hii inahusu maneno hayo. Ukisubiri aanze, utakuta ameshapata maelezo yake mwenyewe, au ameshaelezwa na mtu mwingine. Mtoto anapaswa kusikia kutoka kwako, mapema, kidogo kidogo, na kwa maneno yanayoeleweka. Hapa chini nimeeleza nini kinatokea mwilini, nini cha kumwambia, na lini uje kutuona.

Kubalehe ni nini?

Kubalehe ni kipindi ambacho mwili wa mtoto unabadilika na kuwa mwili wa mtu mzima, wenye uwezo wa kuzaa. Safari hiyo inaanzia kichwani. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere. Wakati wake ukifika, tezi hiyo hutoa homoni zinazosafiri kwenye damu na kuamsha ovari za msichana au korodani za mvulana. Ovari nazo hutoa homoni iitwayo estrojeni, na korodani hutoa testosteroni. Homoni hizi ndizo zinazoleta matiti, nywele, hedhi, sauti nzito, jasho, chunusi na hata hasira za ghafla.

Wasichana wengi huanza wakiwa na umri kati ya miaka 8 na 13. Wavulana wengi huanza kati ya miaka 9 na 14. Mabadiliko hayaji kwa siku moja; huchukua miaka kadhaa. Na kama migomba iliyopandwa shambani siku moja, watoto hawatoi mkungu pamoja. Wanaokaa dawati moja wanaweza kupishana miaka miwili au mitatu, na wote wakawa wazima. Mwambie mwanao hivyo, maana aliyetangulia huona aibu na aliyebaki nyuma huona ana kasoro.

Uanze kuzungumza lini?

Mapema kuliko unavyodhani. Mazungumzo hayahitaji kuwa kikao kimoja kirefu. Gawa hivi:

- Miaka 3 hadi 7: Mfundishe majina halisi ya viungo vyake, kama unavyomfundisha pua na goti. Mwambie sehemu za siri ni zake, mtu asizichezee, na akiguswa akuambie hata kama ameambiwa afiche.
- Miaka 8 hadi 9: Mwambie kwamba mwili wake utaanza kubadilika. Msichana ajue kuhusu matiti na hedhi. Mvulana ajue kuhusu nywele, sauti na ndoto nyevu.
- Miaka 10 hadi 12: Eleza yote kwa ukamilifu: hedhi inavyotokea, mimba inavyopatikana, usafi, na jinsi ya kukataa anayemshawishi. Msichana ajue ya mvulana na mvulana ajue ya msichana, ili wasichekane.
- Miaka 13 na kuendelea: Zungumzeni kuhusu mapenzi, shinikizo la marafiki, anayoyaona kwenye simu, Virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine ya zinaa, na mipango yake ya maisha.

Kama mwanao ameshafika miaka 14 na hujawahi kusema neno, usikate tamaa. Anza kwa kusema ukweli: "Mwanangu, mimi sikuelezwa na mama yangu, ndiyo maana nimechelewa kukueleza wewe. Tuanze leo."

Binti: mabadiliko yanavyofuatana

Dalili ya kwanza kwa wasichana wengi ni kinundu kidogo chini ya chuchu. Mara nyingi huanza upande mmoja, na kinauma kikiguswa. Akina mama wengi hushtuka wakidhani ni jipu au uvimbe mbaya. Ni titi linaanza kuota, na la pili litafuata baada ya wiki au miezi michache.

Baada ya hapo huota nywele kinenani, kisha makwapani. Anarefuka haraka, nyonga zinapanuka, anatoka jasho lenye harufu, na ngozi ya uso inakuwa na mafuta na chunusi. Miezi kadhaa kabla ya hedhi ya kwanza huweza kuona ute mweupe au usio na rangi kwenye chupi. Ute huo ni wa kawaida, ilimradi hauna harufu mbaya na haumwashi. Ukiuona, jua kwamba hedhi iko njiani.

Hedhi ya kwanza kwa kawaida huja miaka miwili hadi mitatu baada ya matiti kuanza kuota. Kwa hiyo mwili wenyewe unakupa taarifa, mama. Siku unayoona vinundu kifuani, usingoje zaidi.

Unaweza kumweleza hedhi hivi:

"Ndani ya tumbo lako la chini kuna mji wa mimba. Kila mwezi hujitandikia utando laini wenye damu, kama kumwandalia mtoto mahali pa kulala. Mtoto asipokuwepo, utando huo hauna kazi, unatoka nje kidogo kidogo kwa siku mbili hadi saba. Hujaumia na huumwi. Mimi hunitokea, bibi alitokewa, na mwalimu wako pia hutokewa."

Mwambie pia kwamba damu huonekana nyingi kuliko ilivyo. Kwa hedhi nzima wanawake wengi hupoteza kama vijiko viwili au vitatu vya chakula. Katika miaka miwili ya mwanzo hedhi inaweza kuruka mwezi au kuja mapema. Umbali wa siku 21 hadi 45, kuhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi moja hadi siku ya kwanza ya inayofuata, ni wa kawaida kwa msichana mdogo. Mfundishe kuweka alama kwenye kalenda au nyuma ya daftari.

Kifuko cha hedhi

Mimi mwenyewe nilianza nikiwa darasani. Sikujua la kufanya, nilikaa kwenye dawati mpaka wenzangu wote walipotoka, kisha nikarudi nyumbani kwa njia ya shambani ili nisionwe. Sikutaka binti mwingine apite hapo, ndiyo maana huwaambia akina mama waandae kifuko na kukiweka kwenye begi la shule kabla hedhi haijaanza. Weka ndani:

- pedi mbili au vitambaa viwili safi vya pamba vilivyokunjwa;
- chupi moja ya akiba;
- kipande cha sabuni;
- kifuko kidogo cha kitambaa cha kuwekea kilichotumika.

Mwambie sweta lake la shule, ambalo kwa baridi yetu hulivaa karibu mwaka mzima, anaweza kulifunga kiunoni akichafuka. Ajue pia jina la mwalimu wa kike anayeweza kumwendea.

Onyesha kwa mikono jinsi ya kuvaa pedi, usimwambie tu. Abadilishe kila baada ya saa 4 hadi 6, anawe mikono kabla na baada, na aoshe sehemu za siri kwa nje kwa maji safi, kutoka mbele kwenda nyuma. Asiingize sabuni ndani ya uke. Uke hujisafisha wenyewe.

Kuhusu vitambaa nataka kusema zaidi, kwa sababu huku Rungwe mvua hainyeshi kwa mzaha. Kuna miezi jua halionekani, na binti anayeona aibu hukificha kitambaa kibichi chini ya godoro. Kitambaa hakikauki, kinaota ukungu, naye anakivaa hivyo hivyo. Baadaye anakuja zahanati akiwa anawashwa na ana vipele. Vitambaa vifuliwe kwa maji baridi kwanza ili damu itoke, kisha kwa sabuni na kusuuzwa vizuri. Siku za jua vianikwe nje; kama anaona haya, afunike kwa kanga nyepesi inayopitisha hewa. Siku za mvua mpe ruhusa ya kuanika jikoni karibu na joto, mbali na moshi, kisha apige pasi pande zote mbili mpaka vikauke kabisa. Nimesema "mpe ruhusa" kwa sababu binti wengi huficha wakiogopa kaka zao na baba. Nyumba nzima ikizoea kwamba vitambaa ni nguo kama nguo nyingine, tatizo linakwisha.

Kama binti ana maumivu ya tumbo, chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwenye kanga na kuwekwa tumboni husaidia. Kutembea na kazi nyepesi pia husaidia. Paracetamol au ibuprofen zinaweza kutumika kwa kipimo cha umri wake. Uliza zahanati au duka la dawa. Usimpe aspirin mtoto aliye chini ya miaka 16. Kwa chakula, mpe maharage, mboga za majani, dagaa, nyama au maini ikiwezekana, pamoja na matunda kama chungwa au pera. Hivi humrudishia madini ya chuma anayopoteza.

Mvulana: tusimsahau

Akina mama wengi huja kuniuliza kuhusu binti. Ni wachache mno wanaouliza kuhusu mtoto wa kiume. Yeye tunadhani atajijua mwenyewe, na kweli hujijulisha kwenye vijiwe na kwenye simu za wakubwa.

Kwake dalili ya kwanza huwa haionekani na mzazi: korodani zinaongezeka ukubwa na ngozi yake inakuwa nyeusi zaidi. Kisha huota nywele kinenani, uume unakua, anarefuka kwa kasi, mabega yanapanuka, anapata chunusi na jasho. Sauti hukwaruza kwa miezi kadhaa, mara nyembamba mara nzito, kabla haijatulia. Ndevu huja mwishoni.

Mambo matatu humtisha mvulana asipoelezwa:

- Ndoto nyevu. Anaamka shuka limelowa, anadhani amekojoa au ana kisonono. Mwambie: "Usiku mwili wako unaweza kutoa mbegu ukiwa umelala. Hujakosea kitu. Oga, fua shuka lako, basi." Na ukikuta shuka limefuliwa alfajiri, usiulize mbele ya watu.
- Uume kusimama bila kutarajia, hata darasani. Ni homoni. Hauna maana kwamba anawaza mabaya.
- Chuchu kuvimba na kuuma. Karibu nusu ya wavulana hupata kinundu kifuani wakati wa kubalehe. Wengi hudhani wanageuka wanawake. Kwa kawaida hupotea chenyewe ndani ya miezi sita hadi miaka miwili.

Kuna jambo la nne ambalo ni la dharura. Mvulana akipata maumivu makali ya ghafla kwenye korodani, mara nyingi pamoja na kichefuchefu au maumivu ya tumbo la chini, huenda korodani imejisokota na damu haifiki. Inatakiwa afike hospitali ndani ya saa chache. Zikipita saa sita, uwezekano wa kuiokoa korodani hupungua sana. Wavulana hufa na maumivu haya kwa aibu ya kumwambia mama. Mwambie leo, kabla hayajatokea: "Ukiumwa huko, niambie hata kama ni usiku wa manane." Usingoje asubuhi, mpeleke hospitali usiku huo huo.

Wengine huchanganya tohara na kubalehe. Tohara ya kitabibu hupunguza uwezekano wa mwanaume kuambukizwa VVU kwa kiasi cha asilimia 60, lakini haimkingi kabisa, na haimfanyi mtoto kuwa mtu mzima.

Hisia zake nazo zinabadilika

Mtoto aliyekuwa akikusimulia kila kitu anaanza kujibu "sijui". Analia kwa jambo dogo, anabamiza mlango, anakaa saa nzima kwenye kioo, anataka chumba chake. Homoni zinachangia, na ubongo nao bado unajengwa. Sehemu ya ubongo inayosaidia kupima matokeo kabla ya kutenda haikomai mpaka katikati ya miaka ya ishirini. Ndiyo maana kijana mwenye mwili mkubwa bado anaweza kufanya mambo ya kitoto.

Yanayosaidia:

- Mpe faragha. Bisha hodi kabla ya kuingia anapovaa.
- Usimcheke matiti, sauti wala chunusi, na usiruhusu wajomba na shangazi wamtanie mbele ya wageni.
- Kwa chunusi aoshe uso mara mbili kwa siku kwa sabuni ya kawaida. Asipake dawa ya meno wala mkorogo.
- Alale vya kutosha, saa 8 hadi 10.
- Akikukasirikia, ngoja apoe ndipo mzungumze. Weka mipaka, lakini usimtukane.

Huzuni ya kupita ni ya kawaida. Lakini kama kwa wiki mbili au zaidi hali, halali, amejitenga na marafiki, masomo yameshuka, au anasema ni bora asingekuwepo, hilo si "ujana tu". Mlete.

Nani aseme, na aanzeje?

Zamani huku Unyakyusa wavulana wa rika moja walihama nyumba za wazazi wakiwa na miaka kumi hivi, wakajenga vibanda vyao na kuishi pamoja, huku wakirudi kula kwa mama zao. Mtafiti Monica Wilson, aliyekaa huku katika miaka ya 1930, aliandika habari zao katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951. Wasichana nao walikuwa na taratibu zao za kufundwa na wanawake wakubwa. Leo vijiji vile vya rika havipo. Kijana bado anajengewa geto lake pembeni ya nyumba, lakini anayemfunda humo ni simu. Nafasi ile imebaki wazi, na anayepaswa kuijaza ni wewe.

Huna haja ya kuwa msomi. Chagua wakati ambao mikono ina kazi na macho hayatazamani: mnamenya ndizi, mnachuma chai, mnapalilia maharage, mnatembea kutoka sokoni. Aibu hupungua. Anza kwa swali:

"Mwanangu, darasani kwenu kuna wasichana walioanza kuvunja ungo?"
"Mama! Mimi sijui."
"Basi mimi nikuambie ninavyojua, na wewe ukisikia tofauti unirekebishe."

Akiuliza kitu usichokijua, sema: "Sijui, nitamuuliza nesi." Kisha ulize kweli na umrudishie jibu. Akiuliza jambo linalokushtua, usiulize "nani kakwambia?" kabla hujajibu. Jibu kwanza. Mtoto akiadhibiwa kwa kuuliza, hatauliza tena.

Kama unalea mtoto wa kiume peke yako na unaona ugumu, mwombe mjomba au babu unayemwamini, lakini wewe pia sema neno lako. Kama wewe ni baba unayelea binti, shangazi anaweza kusaidia. Pedi unaweza kununua wewe. Baba anayenunua pedi bila kuona haya amemfundisha binti yake mengi siku hiyo.

Yanayosemwa, na ukweli wake

"Matiti yameota mapema, lazima ameshaguswa na wanaume." Si kweli. Matiti huota kwa homoni za mwili wake. Nimeona binti akipigwa kwa ajili ya mwili wake kukua. Usimfanyie hivyo mwanao.

"Chango litaisha akizaa." Maumivu makali yanatibiwa zahanati. Mimba kwa mtoto si dawa ya kitu chochote.

"Mwenye hedhi asichume mboga, zitakauka." Mboga hukauka kwa jua na wadudu. Binti mwenye hedhi anaweza kupika, kuoga, kucheza na kwenda shambani.

"Mvulana asipolala na mwanamke, mbegu zitamletea ugonjwa." Hapana. Mwili hufyonza mbegu zisizotumika au huzitoa kwenye ndoto.

"Kumweleza mtoto ni kumfundisha uhuni." Mtoto aliyeelezwa vizuri haanzi ngono mapema kwa sababu ya kuelezwa. Asiyejua ndiye rahisi kudanganywa.

Mwili kukua si ruhusa

Binti aliyevunja ungo anaweza kupata mimba hata kwa tendo moja, na anaweza kuipata hata kabla ya kuona hedhi ya kwanza, kwa kuwa yai hutoka kabla ya damu. Lakini nyonga zake bado zinakua. Duniani kote, matatizo ya ujauzito na uzazi ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wasichana wa miaka 15 hadi 19.

Sheria nayo imsaidie. Tangu mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba au kumuoa mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mwaka huo huo Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani iliunga mkono uamuzi huo mwaka 2019. Na tangu Novemba 2021, serikali imeruhusu msichana aliyepata mimba kurudi shuleni baada ya kujifungua. Kama yamempata mwanao, maisha yake hayajaisha.

Mtoto akibakwa au kuchezewa, asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe. Mfikishe kituo cha afya haraka, mapema iwezekanavyo na ndani ya saa 72, ili apate dawa za kuzuia VVU na mimba. Toa taarifa kwa Dawati la Jinsia na Watoto polisi au kwa afisa ustawi wa jamii. Namba 116 hupigwa bure na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Tafadhali, mambo haya yasimalizwe nyumbani kwa kulipana ng'ombe.

Chanjo ambayo binti hapaswi kuikosa

Saratani ile iliyomchukua bibi wa binti niliyemtaja mwanzoni husababishwa, karibu mara zote, na kirusi kiitwacho HPV. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 chanjo hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo. Haizuii uzazi. Inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa kabla msichana hajaanza kujamiiana, ndiyo maana hutolewa utotoni.

Mlete zahanati ukiona haya

- Msichana ameanza kuota matiti kabla ya miaka 8, au mvulana ameanza kubadilika kabla ya miaka 9.
- Msichana hana dalili yoyote ya matiti akiwa na miaka 13, au hajapata hedhi akiwa na miaka 15.
- Mvulana hana mabadiliko yoyote akiwa na miaka 14.
- Hedhi inazidi siku 7, au pedi inalowa kabisa ndani ya saa moja au mbili.
- Maumivu ya hedhi yanamfanya akose shule kila mwezi.
- Anapata kizunguzungu, anachoka sana, au viganja na macho yamepauka.
- Ute una harufu mbaya, umebadilika rangi, au anawashwa.
- Maumivu ya ghafla ya korodani: hospitali, mara moja.

Ukija naye, nitaomba kuongea naye peke yake kwa dakika chache. Usichukie. Kuna mambo mtoto humwambia nesi kwanza, kisha mama.

Yule binti wa darasa la sita tulimchanja. Mama yake alirudi baadaye akiwa peke yake, akakaa kwenye benchi mpaka foleni ikaisha. Alikuja kuuliza amwambie nini mdogo wake wa kiume, ambaye ana miaka tisa na hajaanza kitu chochote. Nilimwambia amekuja kwa wakati. Jioni ya leo, mkimenya ndizi, na wewe anza.